Bendeji, Maumivu na Deni la Pumziko

Uteuzi wa bendeji ya kufungia kidonda cha mguu wa mgonjwa wa kisukari hudhaniwa kuwa kazi ya muuguzi peke yake, lakini ndani yake limo swali la maadili: mgonjwa anadai nini, na anamdai nani?

Sukari iliyozidi katika damu kwa miaka mingi huharibu neva, yaani nyuzi zinazopeleka hisia kwenye ubongo, hata jiwe lililoingia kiatuni laweza kuusaga wayo kutwa nzima pasipo mwenyewe kujua. Daktari Paul Brand, aliyefika Vellore, India, mwaka 1946 na kuwahudumia wagonjwa wa ukoma huko, alitambua kwamba viungo vyao viliharibiwa zaidi na kazi za kila siku kwa kuwa maumivu ya kuwaonya hayakuwapo. Na kwa imani yake ya Kikristo akayahesabu maumivu kuwa kipawa. Hoja hiyo ina uzito, ingawa ni vigumu kumhubiria mgonjwa wa kisukari ambaye neva zake, kabla ya kufa ganzi, humchoma usiku kucha bila kumwonya lolote.

Zipo bendeji za povu, za mwani, za asali na za madini ya fedha, nyingi zikiwa ghali kuliko shashi ya kawaida. Hata hivyo, mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa mwaka 2019 ulishauri bendeji ichaguliwe kwa kutazama majimaji ya kidonda, starehe ya mgonjwa na gharama, na ule wa mwaka 2023 ukapinga kutumia asali kwa lengo la kuponya vidonda hivyo. Yenye uzito zaidi ni damu kuufikia mguu, nyama iliyokufa kuondolewa, maambukizi kutibiwa na wayo kupunguziwa mzigo wa mwili.

Sharti hilo la mwisho, yaani kuupumzisha mguu, huko Mosocho katika kaunti ya Kisii, ambako migomba na mahindi hulimwa kwenye miteremko, ni ghali kuliko bendeji yoyote. Waadventista, ambao ni wengi katika eneo hilo la Gusii, hufundisha kwamba pumziko ni amri, na amri yenyewe humtaja hata mtumishi na mnyama, yaani wale wasio na uwezo wa kujipumzisha; ila Sabato ni siku moja, nacho kidonda hudai wiki nyingi. Desturi ya egesangio, ambayo majirani hulimiana mashamba kwa zamu, ingeweza kulilipa deni hilo, lakini asiyeumwa huonekana mzima, na akikaa kitako wakati wa palizi hudhaniwa mvivu. Kwa hiyo hoja ya Brand inahitaji nyongeza: maumivu huwaita pia wengine, na yakitoweka mgonjwa hukosa ushahidi wa kuwaonyesha. Harambee ya kununua bendeji ya fedha huchangiwa upesi, maana bendeji inaonekana. Zamu ya kumpalilia mtu asiyelalamika ndiyo inayohitaji mchungaji au muuguzi wa kuiombea.