Njia Isiyohitaji Matunzo

Huku Uingereza, ninakofanya kazi ya kusafisha nyua za watu, kuna sakafu ya nje inayopendwa sana. Kokoto ndogo huchanganywa na gundi ya rezini, zikasambazwa na kulainishwa kwa mwiko. Gundi ikikauka unapata njia ya bustani iliyo sawasawa, isiyo na kokoto za kurukaruka. Wauzaji wengi huisifu hivi: haihitaji matunzo. Sifa hiyo ndiyo inayonisumbua.

Ubora mkubwa wa sakafu hii hauonekani kwa macho. Kati ya kokoto na kokoto hubaki vitundu, na mvua hupenya humo ikazama ardhini. Baada ya mafuriko ya mwaka 2007, liliwekwa sharti kuanzia Oktoba 2008: ukisakafia zaidi ya mita 5 za mraba mbele ya nyumba kwa kitu kisichopitisha maji, na maji hayana udongo wa kuishia, uombe kibali. Ukitumia sakafu inayopitisha maji, huhitaji kibali. Yaani mvua iliyoangukia kwako ni yako, usimsukumie jirani.

Lakini vitundu huziba. Majani huanguka, yakaoza, yakageuka udongo. Penye kivuli huota utando wa kijani unaoteleza. Dawa yake si ngumu: ufagio mgumu mara kwa mara, na maji ya mashine yenye kasi ya wastani yasije yakang'oa kokoto. Asiyefanya hivyo huenda asione hasara yoyote, kwa kuwa njia yake bado inapendeza. Siku ya mvua kubwa, maji hutiririka hadi kwa jirani wa bondeni, naye hajui yametoka wapi.

Je, nina wajibu kwa mtu ambaye hatawahi kujua kwamba nimemkosea?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo humtisha mzembe kwa hasara yake mwenyewe. Hapa kazi ni kuzibua, na ukuta utakaojengwa upya ni wa mtu mwingine. Hofu haitusaidii tena, inabaki dhamiri. Sheria nayo inauliza umejenga kwa kitu gani. Haiulizi umefagia lini.

Hannah Arendt, katika The Human Condition (1958), alitenganisha kazi inayoacha kitu cha kudumu na shughuli za kila siku ambazo matokeo yake hutoweka upesi. Kufagia kumo katika kundi la pili. Mimi naona kundi hilo ndilo linalotimiza ahadi za lile la kwanza. Aliyejenga njia aliahidi mara moja tu. Anayefagia huitimiza ahadi hiyo kila wiki.

Utaniuliza: na mzee anayetembelea fimbo, aliyenunua njia laini ili apumzike? Simlaumu. Kupunguziwa kazi si kosa, na kiti cha magurudumu hupita vizuri zaidi hapo kuliko kwenye kokoto zilizomwagwa tu. Asiyeweza kuinama ana haki ya kumwomba mwingine ainame. Asichoweza kununua, yeye wala mimi, ni ruhusa ya kusahau. Kitu kinachodaiwa hakihitaji matunzo mara nyingi kimehamishia matunzo yake kwa mtu tusiyemwona, na huyo hakuulizwa kama anakubali.