Mja Mzito wa Shamba na Dhima Yetu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji na akamtengezea makao katika tumbo la mamake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, si siku nyingi zilizopita tulikwenda mazikoni katika kijiji kimoja cha bara ya Kwale. Aliyezikwa ni mwanamke kijana, na pamoja naye mwanawe ambaye hakuwahi kuiona dunia. Alishikwa na uchungu jioni. Usiku kucha alingojwa mumewe, aliyekuwa mjini kwa kazi yake, atoe ruhusa na nauli. Alfajiri akapandishwa bodaboda, damu ikimtoka, na kabla ya kuifikia barabara kuu alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Pale makaburini tulisikia maneno mawili. La kwanza, "Siku zake zimetimia." La pili, "Amekufa shahidi." Kisha watu wakatawanyika, nasi tukarejea mjini, na jambo likawa limekwisha.

Maneno yote mawili ni kweli. Ajali ya mtu haitangulii wala haichelewi, na imethubutu katika hadithi za Mtume (S.A.W.) kwamba mwanamke afaye kwa ajili ya mimba au uzazi huhesabiwa katika mashahidi. Lakini twauliza: daraja aliyopewa yeye na Mola wake yatuondolea sisi dhima? Aliyeghariki baharini naye ni shahidi. Je, mtu aliyekaa pwani na mashua yake, akamtazama mwenziwe akizama asimnyoshee mkono, atasimama mbele ya Mungu aseme, "Mimi sina hatia, kwani yeye amepata shahada"? Hapana mwenye akili asemaye hivyo. Shahada ni malipo yake aliyekufa. Haikuwekwa iwe udhuru wetu sisi tuliobaki.

Qur'ani imetukumbusha katika Sura ya Luqman kwamba mama humchukua mwanawe katika udhaifu juu ya udhaifu. Na katika Sura ya Maryam twaelezwa jinsi uchungu ulivyompeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende, naye yu peke yake, hata akatamani lau angalikufa kabla ya siku hiyo. Mwenyezi Mungu hakumwambia avumilie tu. Alimtilia kijito cha maji chini yake, akamwangushia tende mbivu, akamtuliza moyo. Basi ikiwa Mola mwenyewe alimfanyia mja wake maji, chakula na maneno ya faraja, sisi tumewafanyia nini waja wazito wa Kinango, na wa Ganze, na wa Garsen, na wa visiwa vya Lamu?

Tena mambo haya si ya siri. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kuwa katika mwaka 2023 walikufa wanawake wapatao 260,000 kwa sababu za mimba na uzazi, na wengi wao kabisa ni wa nchi maskini. Yanayowaua yajulikana: kutokwa na damu nyingi, presha ya mimba ifikayo hadi kifafa, homa ya uzazi, uchungu uliofungana mtoto asipite, na mimba zilizoharibiwa kwa njia za hatari. Karibu yote haya yana dawa ikiwa mgonjwa atawahi. Wataalamu wafupisha kwa kusema kwamba mzazi huuawa na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa afikapo. Na tuzitazame moja moja, tuone sehemu yetu iko wapi.

Kuchelewa nyumbani aghalabu kwatokana na ujinga uliovishwa kanzu ya dini. Husemwa kwamba mke hatoki mpaka mumewe arudi. Sharia haikusema hivyo kwa mtu ambaye roho yake i hatarini. Dharura huhalalisha yaliyokatazwa, seuze kutoka kwenda kwa mganga wa hospitali. Husemwa kwamba daktari ni mwanamume. Wanavyuoni wetu wameruhusu jambo hilo pale asipopatikana mwanamke, kwa kadiri ya haja. Na mwanamke akivimba uso na mikono, akaumwa na kichwa kisichotulia, macho yakamwingia kiza, kisha akatupwa chini na kifafa, husemwa kuwa amepandwa na pepo, akaandikiwa kombe na kufukizwa ubani, ilhali hiyo ni presha ya mimba na saa zake zahesabika. Hatusemi watu wasisome dua. Dua ni silaha ya Muislamu. Twasema dua isomwe ndani ya gari, hali mgonjwa apelekwa hospitali.

Na si kungojea mpaka hatari ifike. Tangu mwaka 2016 Shirika hilo la Afya lapendekeza mja mzito aonwe na wataalamu mara 8 au zaidi, na ya kwanza iwe katika miezi 3 ya mwanzo. Huko hupimwa presha, damu na mkojo, hupewa vidonge vya kuongeza damu na sindano ya pepopunda, na huku kwetu pwani hupewa pia dawa ya kumkinga na malaria na chandarua cha kulalia. Mume ampelekaye mkewe hafanyi hisani. Hiyo ni haki yake. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Talaka kwamba hata mke aliyeachwa, akiwa na mimba, alishwe mpaka ajifungue. Ikiwa hiyo ni haki ya aliyeachwa, ya aliye ndani ya nyumba itakuwaje?

Kuchelewa kwa pili ni kwa njia na fedha. Serikali ilipoondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake Juni 2013, wanawake wengi walipata faraja. Lakini tangu Oktoba 2024 mahali pa bima ya zamani pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iitwayo SHA, na ili gharama za uzazi hospitalini zilipwe, yapasa jamaa iwe imeandikishwa na mchango wake umetolewa. Mchango mdogo kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa mtu wa mjini hizo ni fedha za karamu ya siku moja. Kwa mwenye kutegemea mvua isiyonyesha, ni mali asiyoishika mkononi kwa pamoja.

Kuchelewa kwa tatu ni kule hospitalini, ambako wauguzi ni wachache na wakunga ni wachache zaidi. Na hapa twajihukumu wenyewe. Twataka wake zetu wazalishwe na wanawake, tena Waislamu. Na wakati huo huo twawatoa binti zetu shuleni kabla hawajamaliza masomo. Huyo mkunga Muislamu tumtakaye atatoka wapi, ikiwa tumekwisha mfungia ndani?

Imepokewa katika tarehe kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), katika ukhalifa wake, alikuwa akizunguka usiku nje ya Madina akaona hema ya wageni. Mlangoni ameketi mtu wa jangwani, na ndani yasikika sauti ya mwanamke aumwaye. Alipouliza, akaambiwa ni mkewe ana uchungu, wala hana mtu wa kumsaidia. Umar hakumpa mkono wa pole akapita. Alirudi mbio nyumbani kumwita mkewe, Ummu Kulthum binti ya Sayyidna Ali, akamwambia achukue vitu vya uzazi; na yeye mwenyewe akabeba unga na mafuta. Mkewe akaingia ndani, naye Khalifa akakaa nje na yule mtu. Mtoto alipozaliwa, Ummu Kulthum aliita kutoka ndani, akamtaja mumewe kwa cheo chake cha Amiri wa Waumini, na hapo ndipo yule mtu alipotambua aliyekuwa akimhudumia ni nani, akashituka.

Tazameni, ndugu zetu. Mwanamke yule hakuwa wa mjini, wala hakuwa na ukoo wa kutajwa. Umar hakuuliza kabila lake. Na mke wa mkuu wa Waislamu hakuona haya kuwa mkunga wa mtu wa jangwani.

Basi twasema haya kwa uwazi. Kila msikiti wa mji wetu na ujitwalie kijiji kimoja. Katika zaka na sadaka zetu, tuwalipie mafakiri wake mchango wa SHA kabla mimba haijakua. Tuweke kwa mtu mwaminifu wa kijiji fedha za nauli ya usiku, na tupatane mapema na mwenye gari atakayeitika aitwapo. Wakunga wa jadi tusiwadharau. Tuwafundishe dalili za hatari, wawe wa kwanza kumsindikiza mzazi hospitalini. Makhatibu na waalimu wa vyuo wayaseme haya juu ya mimbari, waume wasikie. Na binti zetu tuwasomeshe uuguzi na ukunga. Wazee wetu waliweka wakfu visima ili mpita njia asife kwa kiu. Sisi na tuweke wakfu gari ili mzazi asife kwa damu.

Mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Ndiyo maana ya maneno ya Mola wetu katika Sura ya Maida. Na mwenye kuiacha ife hali aweza kuiokoa, ajitayarishe kwa jawabu. Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atuamshe sisi kabla ya maziko mengine.

Wabillahi tawfiq.