"Yapasa Awepo" na "Yupo"

Wako watu wengi wasadikio kuwa Mungu yuko, na ukiwauliza wamejuaje, watakuonyesha mbingu na ardhi: nyumba haijijengi yenyewe, basi ulimwengu wenye mpango wa ajabu namna hii hauna budi kuwa na Muumba. Hoja hii ni njema, na Kurani Tukufu yatuhimiza mara nyingi kuifikiri. Lakini itazame vizuri. Neno lake la mwisho ni lipi? Ni "yapasa awepo." Akili peke yake haivuki hapo, na kutoka hapo mpaka "yupo" ni mwendo mrefu kuliko wengi wadhanivyo.

Chukua mfano katika elimu ya nyota. Karne ya 19 wataalamu waliona kuwa sayari ya Urano haifuati sawasawa njia iliyopigiwa hesabu. Mfaransa Le Verrier akasema, kwa hesabu tupu, kwamba yapasa iwepo sayari nyingine inayoivuta, na akataja mahali pake. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, huko Berlin, Galle alielekeza darubini upande ule akaiona sayari ya Neptuni, pungufu ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa. Watu wakastaajabu, na walikuwa na haki.

Baadaye Le Verrier yule yule aliona hitilafu ndogo katika mwendo wa Utaridi. Akatumia hoja ile ile, na mwaka 1859 akatangaza kuwa yapasa kuwepo kitu kingine karibu zaidi na jua. Sayari hiyo ikapewa hata jina, Vulcan. Na tabibu mmoja wa mashambani akadai ameiona. Ikatafutwa miaka mingi, hasa wakati wa kupatwa kwa jua, isipatikane, maana haikuwapo. Mwaka 1915 Einstein alieleza hitilafu ile kwa njia nyingine kabisa.

Mtu mmoja, hoja moja. Mara ya kwanza ikampeleka kwenye kweli, mara ya pili kwenye kitu kisichokuwapo. Na kwa mwenye kukaa na karatasi yake tu, "yapasa" zote mbili zilifanana.

Katika hotuba yake iliyosomwa mjini Lahore mwezi wa Desemba 1896, mbele ya mkutano wa dini mbalimbali, Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), alieleza daraja tatu za yakini zinazotajwa katika Kurani. Aonaye moshi kwa mbali hujua kuwa pana moto. Anayeukaribia huuona moto wenyewe. Na anayeingia ndani yake huujua kwa kuungua. Mwanafalsafa ameuona moshi. Hatumdharau kwa hilo, kwani bila hesabu Galle asingalijua atazame wapi. Twasema tu kwamba hajaota moto.

Tena fikiri: sayari ni kitu bubu, hungoja ipatikane kwa juhudi ya mwanadamu. Kama Mungu naye hupatikana kwa hesabu zetu tu, Yeye akiwa amenyamaza, basi sisi ndio tuliomtoa gizani! Kurani (7:149, 20:90) yawalaumu walioabudu ndama kwa sababu hii hii, kuwa hakusema nao wala hakuwajibu. Je, tuwacheke wao, kisha tuamini Mungu aliyesema zamani na leo hasemi?

Utauliza: wengi wadai kwamba Mungu amesema nao, na madai yao yanapingana. Ni kweli. Yule tabibu naye alidai. Lakini uwongo wa Vulcan haukuifuta Neptuni. Ulifundisha tu kwamba dai lataka kupimwa. Na lipo swali zito zaidi, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: "Mimi nimeomba, wala sikusikia kitu." Wako wahubiri wanaojibu upesi kwamba Mungu hujibu daima, na kukataa nako ni jibu. Maneno haya yana ukweli, ila yatumiwe kwa hadhari; maana asemaye kuwa kila litokealo ni jibu, hana njia ya kulitambua jibu lenyewe.

Ahadi iliyomo katika Kurani (2:187) ni kwamba Yeye yu karibu na humjibu amwombaye, nayo papo hapo yamtaka mja naye amwitikie. Basi kwanza usiombe mali wala cheo. Omba uongozwe, nawe uwe tayari kuongozwa hata usikotaka kwenda. Sali istikhara, amka usiku, usichoke kwa juma moja. Kisha angalia Galle alivyoitambua Neptuni. Alikuwa na mwenzake mwenye ramani mpya ya nyota. Galle akisoma katika darubini, mwenzake akilinganisha, mpaka wakafika kwenye nyota moja isiyokuwamo ramanini. Usiku wa pili wakaitazama tena, ikawa imesogea. Nawe, likujialo katika maombi, uliza kwanza kama limo katika ramani yako mwenyewe, yaani matamanio yako na hofu zako. Kama limo, endelea kuomba. Kama halimo, liandike na tarehe yake, na usiku wa pili utazame tena.