Ufa na Tundu

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hiyo imewazoesha wengi kuuona kila uwazi ukutani kuwa ni ila. Lakini tundu la hewa si ufa. Ufa huja wenyewe. Tundu limeachwa na fundi kwa kusudi.

Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, yamo matundu yaliyoachwa juu, karibu na dari. Hewa ya moto hupanda ikatokea huko, na iliyo baridi zaidi ikaingia madirishani. Chokaa nayo huuachia unyevu utoke; saruji huuzuia, lipu ikabanduka na ukuta ukafanya ukungu.

Mkaazi wa leo ana hoja zake. Tundu huingiza vumbi, mbu na popo. Na aliyeweka kiyoyozi hapendi baridi aliyoilipia ipotee. Je, mtu hana haki juu ya ukuta wake mwenyewe? Hapana shaka anayo. Swali ni kuwa haki hiyo inakoma wapi.

Nyumba hizo huishi zaidi ya wenyewe. Nyingine ni wakfu, na isiyo wakfu itarithiwa. Azibaye kwa saruji hajiamulii peke yake. Huwaamulia na watakaokuja, ambao haja zao hazijui. Unguja ilionja jambo hili: kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikosa umeme utokao bara. Viyoyozi vilinyamaza, ila vya wenye jenereta. Aliyekuwa na tundu lake alinufaika na fundi asiyemjua. Aliyeliziba alibakiwa na ukuta.

Wala si kila cha kale kina hekima hadi leo. Tundu linaloelekea jiko la jirani aliyejenga juzi huleta moshi, na hapana wajibu wa kuvuta moshi kwa kuwaheshimu waliokufa.

Hata hivyo, kufunika si kuziba. Wavu wa waya humzuia popo na kuuacha upepo; kifuniko cha mbao hufungwa leo, kesho kikafunguliwa. Mwenye kufunika ametumia haki yake bila ya kula ya mwenziwe. Basi asiyejua tundu liliachiwa nini, na aulize kwanza. Na asiyepata wa kumuuliza, na afunike, asizibe.