Kitambulisho ni Shahada

Ndugu zetu Waislamu wa Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi,

Bwana Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya nafaka ya kuuzwa, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika kundi lake.

Leo soko limeingia ndani ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, mvuvi huuza samaki wake akalipwa pasi na kushika noti. Hiyo ni neema, wala hatuko pamoja na wale waonao kila kipya kuwa ni bidaa. Lakini walaghai nao wamezifuata fedha huko zilikokwenda.

Mmoja hutuma ujumbe alioutunga mfano wa ule wa M-Pesa, kwamba umepokea elfu tatu. Kisha hupiga simu akilia kuwa amekosea, mtoto yu hospitali, umrudishie. Mwenye moyo laini humpa kutoka katika mali yake mwenyewe. Mwengine hujifanya mtumishi wa kampuni ya simu, akauliza namba ya kitambulisho na namba ya siri. Mara laini yako yafa, imehamia katika kadi iliyo mkononi mwake. Wa tatu huomba tarakimu sita zilizoingia katika simu yako. Ukimpa, WhatsApp yako ni yake, na jamaa zako huanza kuandikiwa: "Ami, nimekwama, nitumie elfu tano." Ami hutuma, kwani atamnyimaje mtoto wa nduguye?

Watu wetu wana haya. Kumwambia mtu "ngoja nihakikishe" waona ni kumvunjia heshima. Sivyo! Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuichunguza khabari kabla ya kuifuata. Ami akataye simu, akamtafuta mtoto huyo kwa mamake au kwa jirani, hakumdhania mtu vibaya, ametii amri.

Wako pia wanaokwisha kuibiwa wakakimbilia kwa mganga awarejeshee fedha, naye mganga ataka kwanza atumiwe chake kwa M-Pesa.

Na sasa tuulize: walaghai hawa watumia laini za nani? Sheria yataka kila laini iandikishwe kwa kitambulisho. Basi nyuma ya laini ya udanganyifu pana jina la mtu. Huenda ni mtu aliyenunua laini kwa muuzaji wa njiani, akaambiwa picha haikutoka, arudie, na kumbe laini ya pili yaandikishwa kwa jina lake. Huyo amedhulumiwa. Lakini yuko kijana wetu aliyeazima kitambulisho chake kwa vijisenti, huku akijua au akishuku. Huyu twamwambia waziwazi: kuandikisha laini ni kushuhudia kwamba mwenye laini ni wewe. Umetoa shahada ya uongo, na Mtume alipoyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea. Alipofikia shahada ya uongo aliketi sawasawa, akaikariri hata masahaba wakatamani anyamaze. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya uhalifu wa mtandao, kifungu cha 29, yamhukumu mwenye kutumia alama za utambulisho za mwenzake kwa hila faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Mwenye laini ya Safaricom na abonyeze *106# aone ni laini ngapi zimeandikwa kwa jina lake. Akibonyeza *100*100#, laini yake haitabadilishwa kadi kwa wakala yeyote wa njiani. Kampuni hiyo hupiga simu kwa 0722 000 000, na ujumbe wa walaghai hupelekwa 333. Namba ya siri haiulizwi na mtumishi wa kweli.

Ama aliyekwisha kuuza jina lake, toba yake haitimii kwa istighfari peke yake. Aende dukani kwa kampuni laini ifungwe, na alichopokea akitoe. Akiwajua walioliwa mali zao, awarudishie. Asipowajua, atoe sadaka kwa niaba yao.