Maua ya Msimu Mmoja, Ndoa ya Siku Zote



Wapendwa akina baba na akina mama, leo tuzungumze juu ya maua. Najua kuna baba atakayeguna na kusema, "Shule zafunguliwa, karo haijalipwa, na katekista anatuletea habari za maua?" Vumilia kidogo, mzee. Neno hili linahusu nyumba yako.

Maua yako ya namna mbili. Kuna yale yanayopandwa mara moja yakadumu miaka, kama waridi. Hata pareto, ambayo wakulima wa Nyandarua na Molo wanaifahamu, hukaa shambani miaka kadhaa ikichumwa na kuchanua tena. Halafu kuna maua ya msimu mmoja: zinia, kosmosi, marigoldi na alizeti. Haya huota, hukua, huchanua, hutoa mbegu na kufa, yote ndani ya miezi michache. Ukitaka kuyaona tena, sharti upande tena.

Wengi wetu tulitoka kanisani siku ya harusi tukidhani tumepanda waridi. Tuliona kazi imekwisha. Ni kweli kwamba sakramenti ya ndoa hupokelewa mara moja na kifungo chake hudumu hadi kifo. Lakini maneno ya upole, kuulizana habari za siku, kushukuriana kwa chakula, kucheka pamoja jioni, hayo ni maua ya msimu. Ya mwaka wa harusi yalikwisha kunyauka mwaka ule ule. Je, mmepanda mengine?

Mume na mke ambao wameacha kupanda hawagombani sana. Wanazungumza juu ya karo, mahindi na pesa ya simu basi. Baba yuko kazini mjini, mama yuko nyumbani na watoto. Simu ikilia mwisho wa mwezi, swali ni moja: "Imefika?" Jibu ni moja: "Imefika." Simu inakatwa. Hakuna aliyemkosea mwenzake, lakini bustani yao ni tupu. Nawaandikia hawa hasa, na ushauri wangu ni mdogo: pandeni maua ya mbegu pamoja, msimu huu, katika kipande kidogo cha ardhi mlicho nacho.

KWA NINI MAUA, NA HALI HAYALIWI?

Hili ndilo swali la kwanza la baba. Ploti ni ndogo, sukuma wiki yataka nafasi. Neno hilo si la kudharauliwa, maana watoto hawashibi rangi. Lakini kipande cha mita 1 kwa mita 3 kando ya njia ya kuingilia nyumbani hakitawanyima watoto mboga.

Tena maua husaidia shamba. Nyuki wanaokuja kwenye kosmosi na alizeti hutembelea pia malenge na matikiti yako, na bila wao matunda hayo hayashiki vizuri. Marigoldi ikipandwa kwa wingi mahali pamoja msimu mzima hupunguza aina fulani za minyoo wadogo sana wa udongoni wanaovimbisha mizizi ya nyanya. Msimu unaofuata, panda nyanya zako hapo.

Lakini hata kama maua yasingekuwa na faida hiyo, bado yangestahili nafasi. Katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, hayati Papa Fransisko alitukumbusha kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliagiza sehemu ya bustani ya watawa isilimwe, ili maua na majani ya porini yaote yenyewe, na wanaoyaona wamkumbuke Mungu. Watawa hao walikuwa maskini waliojua njaa. Naye Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 6, aliwaelekeza watu wenye wasiwasi wa chakula na mavazi wayatazame maua ya kondeni, akisema hata Sulemani hakupambwa kama mojawapo. Yesu alijua maua hayaliwi. Aliyataja kwa sababu mtu aliyelemewa na mahitaji ya nyumba huacha kuona neema iliyo mbele ya macho yake, na mara nyingi neema hiyo ni mwenzi wake wa ndoa.

JINSI YA KUPANDA

Anzeni na zinia na marigoldi, kwa maana hayasumbui. Asili ya haya, pamoja na kosmosi, ni Mexico na nchi jirani, lakini yamezoea udongo wetu. Jina marigoldi lina maana ya dhahabu ya Maria. Watu wa Ulaya walilipa ua lao jina hilo zamani, kisha likapewa na haya ya kutoka Mexico. Mama Maria basi awe msimamizi wa bustani yenu.

Kila mtu afuate mvua ya kwao. Sehemu nyingi za kati na mashariki mwa nchi yetu hupata mvua ndefu Machi hadi Mei, na mvua fupi Oktoba hadi Desemba. Walio juu kama Kinangop, ambako umande wakati mwingine huganda na kuwa barafu, wajue zinia na marigoldi haziwezi baridi hiyo.

Chagueni mahali penye jua angalau saa 6 kwa siku. Baba alime kina cha jembe moja, mama avunje mabonge, au mbadilishane. Changanyeni ndoo moja au mbili za samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche. Wala msizidishe mbolea kwa kosmosi, kwa kuwa ikishiba sana huota majani mengi na maua machache.

Mbegu ya zinia na ya marigoldi ifukieni nusu sentimita tu. Alizeti iende sentimita 2 hadi 3. Mwagilieni kwa mkebe uliotobolewa matundu madogo, ili maji yasizifukue. Zinia na marigoldi zitaota kwa siku 5 hadi 7 kukiwa na joto, kosmosi kwa siku 7 hadi 10. Kwenye baridi mtangoja zaidi.

Hapa ndipo wengi huharibu. Kuna anayemwagilia asubuhi, mchana na jioni kwa haraka yake, na miche inaoza shingo na kulala chini. Kuna anayefukua aone kama mbegu imeota. Hata katika ndoa, wapo wanaomsamehe mwenzi leo na kesho kumfukua waone kama amebadilika. Mtakatifu Paulo anawaambia Wakorinto kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, lakini aliyekuza ni Mungu. Udongo ubaki na unyevu bila kuwa matope, na mengine mwachieni Mungu.

KUNG'OA NA KUKATA

Miche ikifikisha majani manne, ipunguzeni. Marigoldi fupi iachiane sentimita 20 hadi 25, zinia 25 hadi 30, kosmosi 30 au zaidi. Kazi hii inauma, maana unang'oa mche ulio hai na mzuri. Lakini miche 10 ikibanana mahali pa mmoja, yote itakuwa myembamba na hakuna itakayochanua sawasawa.

Angalieni na ratiba zenu. Mkutano wa chama Jumamosi, kwaya, kamati ya harambee, mazishi, jamaa wa kila upande, na simu mkononi hadi usiku. Vingi kati ya hivyo ni vyema. Hata kazi za kigango ni njema, nami ninazifanya. Lakini kama hakuna hata jioni moja kwa wiki iliyobaki ya baba na mama peke yao, kuna mche mzuri unaopasa kung'olewa.

Zinia ikifikia urefu wa sentimita 20, kateni ncha yake ya juu. Itatoa matawi pembeni, na kila tawi litakuwa na ua. Ikiingia ukungu mweupe kwenye majani, mwagilieni chini kwenye shina wala si juu ya majani. Viwavi wanaokata miche usiku watafuteni kwa tochi. Hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja amulike na mwingine aokote.

Kisha, ua likinyauka, likateni. Mmea wa msimu mmoja huchanua ili upate mbegu. Ukiacha maua makavu juu yake, unaona umemaliza kazi na unaanza kufa. Ukiyaondoa, unatoa maua mengine kwa wiki nyingi. Wapendwa, ni nyumba ngapi zina ua kavu la mwaka juzi ambalo halijakatwa? Maneno yaliyosemwa mbele ya mama mkwe. Pesa zilizotumika bila kuambiana. Paulo anawaonya Waefeso wasikubali jua litue wakiwa bado na hasira. Anayesubiri mwenzake aanze kuomba radhi anauacha mmea mzima ukauke.

Lakini nisieleweke vibaya. Palipo na kipigo, maua si dawa. Mume anayempiga mke wake kisha akamletea ua, hajapanda kitu. Mama, usifunike jambo hilo kwa jina la uvumilivu. Tafuta usalama wako na wa watoto kwanza, mweleze padri na watu unaowaamini, na usiogope kwenda polisi. Kanisa halijafundisha popote kwamba sakramenti ni ruhusa ya kuumiza.

MAUA YA PASAKA NA NOELI

Kanisa lina misimu kama shamba. Wakati wa Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Katika Majilio hupambwa kwa kiasi. Kisha Pasaka na Noeli hufika, na kila jumuiya ndogo ndogo huulizana maua yatatoka wapi.

Zinia huchukua wiki 8 hivi tangu kupandwa hadi kuchanua, na marigoldi fupi wiki 8 hadi 10. Kwa Noeli, pandeni kufikia katikati ya Oktoba. Kwa Pasaka, pandeni wiki 2 hadi 3 kabla ya Jumatano ya Majivu. Wakati huo mara nyingi ni kiangazi, kwa hiyo anzieni kwenye mikebe iliyotobolewa chini, chini ya kivuli chepesi, kisha mzoeze miche jua kidogo kidogo kabla ya kuihamisha. Zinia haipendi kusumbuliwa mizizi, basi ihamisheni ikiwa ndogo, jioni, na udongo wake.

Fikirini furaha ya kupeleka kanisani maua mliyoyapanda na kuyalea pamoja Kwaresima yote. Maua hayo huwekwa kuzunguka altare. Pale mlipopeana ahadi mbele ya Mungu, mnarudi na kazi ya mikono yenu miwili.

Na yule baba aliye mjini? Apande anapokuwa nyumbani, hata kama ni siku moja tu. Akirudi kazini, simu itakuwa na neno jipya. "Zimeota?" "Zimeota mbili, kuku amekula ya tatu." Ni maneno madogo, lakini tangu lini mlicheka kwenye simu?

WEKENI MBEGU

Msimu ukiisha, acheni maua machache bora yakauke kabisa juu ya mmea. Mbegu ya zinia ni bapa, kama kichwa cha mshale. Ya marigoldi ni nyembamba na nyeusi, yenye mkia mweupe. Ya kosmosi ni nyeusi, imepinda kama sindano kongwe. Zianikeni kivulini, mzitie ndani ya bahasha ya karatasi, muandike jina na mwaka, mzihifadhi mahali pakavu. Mfuko wa plastiki hushika unyevu na mbegu huota ukungu. Kama mlinunua mbegu chotara dukani, watoto wake huenda wasifanane na mama.

Isaya alisema kweli kuwa ua hunyauka. Lakini katika kunyauka kwake ndimo mna bahasha nzima ya mwaka ujao. Wapeni watoto wenu mbegu kidogo wapande zao, ili waone kwamba baba na mama hawakuzaliwa wakipendana, bali hupanda kila mwaka.

YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Mara ya mwisho tulifanya kazi gani pamoja, sisi wawili tu, isiyokuwa ya lazima?
2. Ni ua gani kavu ambalo kila mmoja wetu anamngoja mwenzake alikate?
3. Mvua ijayo tutapanda wapi, na nani ataleta samadi?

Mwenyezi Mungu, aliyewaweka wazazi wetu wa kwanza katika bustani wailime na kuitunza, azibariki bustani zenu na nyumba zenu. Amina.