Heshima kwa Mfalme, Ibada kwa Mungu

Soma Danieli 6:6, 21, Nehemia 2:3. Katika majumba ya wafalme wa Babeli na Uajemi ilikuwa desturi kumwanza mfalme kwa kumtakia aishi milele. Maneno hayo waliyasema wale waliomtegea Danieli mtego. Danieli naye alimwambia Dario vivyo hivyo, akiwa ndani ya tundu la simba. Je, alimwabudu mwanadamu? La. Kumheshimu mfalme ni agizo (1 Petro 2:17). Dhambi ni kumpa dua impasayo Mungu peke yake. Wale walimsifu mfalme ili wamnase kwa sheria yake mwenyewe. Danieli alikataa amri, asimtukane aliyeitoa.

Tunapomwita mkubwa “mheshimiwa”, je, tunamheshimu au tunamrubuni?